Kabla hujakubali "kujitolea" studio, piga hesabu kwanza

Mwaka 2019 nilijitolea miezi mitano kwenye studio ya video pale Mikocheni, Dar es Salaam. Nilikuwa nakaa Mbagala. Gari mbili kwenda, mbili kurudi, 2,200 kwa siku. Wali maharage kwa mama ntilie 1,500. Bando la kuwatumia wateja kazi 1,000, maana intaneti ya ofisi ilikuwa inakatika kila mara. Jumla 4,700. Zidisha mara siku 26, ni 122,200 kwa mwezi. Miezi mitano ni 611,000, na zote zilitoka kwenye biashara ya mama yangu ya vitumbua.

Hesabu hiyo niliipiga baadaye, nikiwa nimeshaondoka. Wewe ipige leo, kabla hujasema ndiyo. Chukua karatasi, andika nauli, chakula, bando, halafu andika jina la anayelipa. Ukiona jina hilo ni la mzazi au dada yako, ujue ni wao wanaoifadhili hiyo studio. Na asiye na mama wa kukaanga vitumbua hiyo nafasi haipati kabisa, hata awe na jicho zuri kuliko sisi wote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Cha pili, pima nani ananufaika. Nchini Marekani mwaka 2011 vijana wawili, Eric Glatt na Alexander Footman, waliishtaki kampuni ya Fox Searchlight kwa kufanyishwa kazi bila malipo kwenye filamu ya Black Swan. Footman alikuwa akitengeneza kahawa na kuchukua oda za chakula cha mchana. Mwaka 2013 jaji aliwaona ni wafanyakazi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo na kuweka kipimo kingine: kati ya anayejifunza kazi na kampuni, nani anafaidika zaidi? Uamuzi ule haukuwafurahisha wengi, lakini swali lenyewe mimi nalitumia hadi leo.

Jiulize hivi kila Ijumaa. Wiki hii kuna mtu alikaa pembeni yako akakuonyesha kitu? Au ulikaa peke yako ukamaliza kazi ya mteja? Mwezi wa kwanza mimi nilifundishwa kweli, kaka mmoja alinionyesha kusawazisha rangi na kusafisha sauti, namshukuru mpaka kesho. Kuanzia mwezi wa tatu nilikuwa naediti matangazo mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Usiku mmoja nilibaki mpaka saa sita namalizia tangazo la sekunde 45. Asubuhi nikaiona invoisi yake juu ya printa: 3,500,000. Niliishika ile karatasi, bado ina joto. Nilipouliza kama naweza kupata hata nauli, nikaambiwa, "Wewe hapa unajifunza." Sasa nilikuwa najifunza kwa nani, wakati chumbani nilikuwa peke yangu?

Kwa hiyo usianze bila maandishi. Si lazima uende kwa mwanasheria, meseji ya WhatsApp inatosha kuwa ushahidi wa mlichokubaliana. Andika kwa heshima, mfano hivi:

"Habari za asubuhi kaka. Nashukuru sana kwa nafasi. Kabla sijaanza Jumatatu naomba tukubaliane: nitakaa miezi miwili, mpaka tarehe 30 ya mwezi ujao. Naomba nauli na chakula, 5,000 kwa siku. Kazi nitakayoifanya jina langu liandikwe. Na kazi ya mteja nikipewa niifanye mwenyewe, tupange fungu langu kabla sijaigusa. Ukiafiki naomba unijibu hapa."

Wengine watakujibu vibaya. Waache, umeokoa miezi yako. Cha kushikilia zaidi kwenye meseji hiyo ni tarehe ya mwisho, kwa sababu neno "tutaona" ndilo lililonila miezi mitatu.

Ukishaanza, weka daftari. Kila siku andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichofanya na aliyekutuma. Linahitajika kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: anapangiwa saa za kazi, anaelekezwa namna ya kuifanya, anapewa vitendea kazi, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Saa 45 mimi nilikuwa nazimaliza kabla ya wiki kuisha! Mwenye studio anayo nafasi ya kupinga, na hapo ndipo daftari lako litakapokusemea.

Mkishindwana kabisa, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Usichelewe: mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 tu, mingine siku 60. Mimi nilikuja kujua hilo zikiwa zimepita.

Kazi zako zihifadhi mapema. Omba ruhusa ya kuwa na nakala za video zilizokwisha kurushwa, uziweke kwenye hadidiski yako. Usichukue picha za wateja ambazo hazijatoka, utajiharibia.

Barua ya uthibitisho iombe wiki mbili kabla ya kuondoka, iwe na muhuri, na itaje kazi ulizofanya moja moja. Yangu niliifuata mara tatu toka Mbagala. Nilipoipata ilikuwa na mistari miwili, na lile tangazo halikutajwa.