Sindano ya mwezi au vidonge? Namna ya kulinganisha tiba za skizofrenia

Kama una ndugu mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini yasiyo ya kweli, na mnatibiwa Mirembe hapa Dodoma au hospitali nyingine ya serikali, usiingie kwa dokta ukauliza "dawa gani kali". Uliza ipi mgonjwa wako ataweza kukaa nayo, maana kidonge kilichofichwa chini ya godoro hakitibu mtu.

Kwanza nunua daftari. Kila siku andika kalala saa ngapi, bado anajibizana na sauti, kaoga, kala, mikono inatetemeka? Na usihukumu dawa wiki ya kwanza, zinataka wiki kadhaa.

Dawa za zamani, haloperidoli na klopromazini, zinatuliza sauti vizuri tu, ila mwili unaweza kukakamaa, udenda ukamwagika. Mdogo wangu siku ya tatu tuko kwenye ugali na mlenda shingo ikapinda yenyewe, shangazi akaanza kukemea mapepo, kumbe ni dawa, tukakimbia hospitali akachomwa sindano ikanyooka. Olanzapini kukakamaa ni kidogo, lakini njaa yake sio ya kawaida, mtu anafumuka na sukari inaweza kupanda, kwa hiyo pima uzito na sukari kabla hajaanza.

Sindano ya mwezi (flufenazini) inamfaa anayetema vidonge, na kama mnatoka Kondoa au Mpwapwa nauli inapungua. Ila nayo ni ukoo wa zile za zamani, ikikakamaza mwili huwezi kuitoa, itakaa wiki kadhaa, ndo maana bora ajaribiwe na vidonge kwanza.

Dawa mbili zikigoma, kila moja dozi kamili wiki kama sita na kameza kweli, hapo uliza klozapini. Inasaidia pale nyingine zimeshindwa, ila inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, kwa hiyo anapimwa kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Ulizia maabara kabla hamjaanza, na akipata homa au koo kuuma msisubiri kliniki.

Tiba ya umeme, yaani kupitisha umeme kidogo kichwani, watu wanaiogopa bure, mgonjwa anapewa usingizi kwanza, inafaa hasa aliyeganda, hali chakula wala haongei.

Maombi endeleeni nayo, sina ugomvi, ila mtu asimwambie aache dawa. Siku ya kliniki beba daftari na vidonge vilivyobaki, vihesabiwe mbele ya nesi, mgonjwa mwenyewe akiwepo.