Kukatia hoho za kitalu nyumba zibaki matawi mawili, ninavyofanya mimi

Wiki iliyopita nilikuwa kwa shemeji Usa River, hoho zake zimekuwa kichaka, majani matupu na vitunda kama ndimu. Tumekata siku nzima, mgongo mpaka leo.

1. Mbegu iwe chotara ndefu ya kitalu nyumba. California Wonder panda nje, ile ni fupi, kuikatia ni kujisumbua tu.

2. Pandikiza, vuta waya juu, ning'iniza kamba mbili kila mche. Hilo mnalijua.

3. Shina moja litapanda, likishatoa majani kama 8 hadi 12 linagawanyika kama manati na ua katikati. Hilo ua linyofoe. Najua inauma, ila ukiliacha mmea unalisha tunda moja huku wenyewe umedumaa, na hilo tunda linabanwa pale pandani, yaani shina linapogawanyika, linatoka limepinda.

4. Kuchagua matawi. Hapa ndo niliumia. Yakitoka matatu bakiza mawili yenye nguvu, kila moja na kamba yake. Sasa kila tawi nalo linagawanyika tena kwenye kila kifundo, lenye nguvu liache liende, dhaifu likate LAKINI usilifyeke lote, bakiza jani moja au mawili na ua lake. Msimu wangu wa kwanza nilifyeka mistari miwili ikabaki misafi kama fimbo, nikapiga na picha, siku chache tu jua la mchana likababua matunda, mabaka meupe laini kama karatasi, sokoni hakuna aliyeyagusa. Jani ndo mwavuli wa tunda. Pia usikimbilie chipukizi changa sana, huwezi kujua lipi lina nguvu, ngoja lifike urefu wa kidole, ila likikomaa likawa nene kama kalamu utaacha kidonda kikubwa. Na shikilia pandani kwa mkono wa pili, hoho inavunjika kirahisi mno. Ukivunja kichwa, ile ncha ya tawi, usiung'oe mmea, pandisha chipukizi la chini kwenye kamba hiyohiyo.

5. Tumia vidole, mkasi sitaki hata kuuona, unabeba virusi mche hadi mche. Mvuta sigara anawe kwa sabuni kwanza, batobato ya tumbaku, nao ni ugonjwa wa virusi, inaingia kwenye hoho. Kata asubuhi umande ukishakauka.

6. Zungusha matawi kwenye kamba kila wiki, upande uleule.

Zile za shemeji tumeziachia matawi manne, zilishakomaa, kuzilazimisha mawili sasa hivi ni kuziua.