Shemeji yuko Nansio na simu, mimi niko Kirumba na kompyuta

Mimi ni karani wa dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Shemeji yangu anapakia magunia Nansio, Ukerewe, mimi napokea. Zamani alinitajia idadi kwa simu huku injini zikinguruma. Akisema tisa nasikia sita, na ugomvi unaanzia hapo.

Sasa yeye anaandika kwenye Google Sheets, mimi napiga hesabu kwa LibreOffice. Zote ni programu za bure zenye majedwali ya hesabu. LibreOffice ni faili kubwa, mie niliipakua kwa bando la usiku, mara moja basi.

Fungua jedwali moja la Google ukiwa kwenye kompyuta: tarehe, boti, magunia, bei. Kabla hujaandika chochote, ingia kwenye mipangilio ya faili ubadilishe nchi iwe Uingereza. Ikibaki Marekani, 03/04 itakuwa Machi 4 badala ya Aprili 3, na 25/03 haitasomeka kama tarehe kabisa. Kisha mshirikishe mwenzio kwa barua pepe yake, umpe ruhusa ya kuhariri. Kwenye simu yake aruhusu jedwali hilo litumike bila intaneti. Mtandao ukipotea gatini anaandika tu, ukirudi linajipeleka lenyewe.

Jumamosi jioni nalipakua katika muundo wa ODS, aina ya faili ya LibreOffice, nalipatia jina la wiki, nalifungua kwenye Calc, sehemu ya majedwali ya LibreOffice. Hapo umeme wakate, bando liishe, betri ikiwepo kazi inaendelea. Fomula ya SUMIF inanijumlishia magunia ya kila boti. Ila fomula kama QUERY na IMPORTRANGE ni za Google. Calc haizijui, usizitumie kwenye jedwali la pamoja.

Sasa sikiliza hili, maana lilinikosesha usingizi. Siku moja nilirekebisha bei kwenye Calc, nikalipandisha faili Google. Kumbe shemeji alikuwa bado anajaza lile la zamani. Tukawa na majedwali mawili, kila moja lina magunia ambayo jingine halina, na tajiri anasubiri pesa zake. Tangu hapo faili linashuka tu, halipandi. Nikiona kosa, nalisahihisha kule kule Google, nalipakua upya.

Mwisho natoa PDF kutoka Calc. Nakala moja naituma WhatsApp kwa shemeji, nyingine nachapisha steshenari, kwani tajiri wetu hesabu asiyoweza kuitia saini kwa kalamu haitambui.