Jinsi ya kuomba ruzuku ya serikali ya kupanga mtaa wenu

Kabla hujaandika hata mstari mmoja soma tangazo lote, hasa pale wanaposema nani anaruhusiwa kuomba, maana ruzuku nyingi za mipango miji zinaenda kwa halmashauri au taasisi iliyosajiliwa, so kama nyie ni kikundi tu tafuteni wa kushirikiana naye mapema. Halafu bajeti, hapa ndo wengi wanaangukia: chekini kama mnatakiwa kuchangia asilimia fulani, na kama hela inakuja mwanzo au mnatumia kwanza ndo mnarudishiwa (hiyo ya pili inaua vikundi vidogo kabisa). Tatizo lielezeni kwa ramani na namba, mafuriko yanafika wapi, nyumba ngapi. Mihtasari ya mikutano ya wakazi iambatanisheni. Na msisubiri siku ya mwisho, mfumo wa kutuma maombi huwa unagoma.