Somo: Fuwele kimiminika ndani ya vitundu vya nanomita 10

Joto la Mombasa latufaa sana kwa somo hili. 5CB, fuwele kimiminika iliyotangazwa na kundi la George Gray mjini Hull, Uingereza, mwaka 1973, huwa nematiki kati ya nyuzi 24 na 35 hivi: yatiririka, lakini molekuli zake zimelala mwelekeo mmoja kama njiti kwenye kibiriti. Ikipita 35, mpangilio wavunjika. Chumbani kwetu, penye nyuzi 30, iko tayari bila kupashwa.

Hatua ya 1. Anza na tone lililo huru. Pishanisha karatasi mbili za polaroidi (zipitishazo mwanga unaotikisika upande mmoja tu), hata za kikokotoo kibovu, mpaka giza liingie. Weka kati yake tone lililobanwa na vioo viwili: mwanga utatokea. Pasha polepole. Karibu na 35 giza litavamia ghafla, na utauona mpaka wake ukitembea. Ukariri mpaka huo.

Hatua ya 2. Chukua utando wa silika, dutu ya kioo na mchanga, wenye vitundu vilivyonyooka vya nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), uupashe hadi 45, kisha gusisha tone ukingoni. Utajijaza wenyewe. Mara ya kwanza niliujaza ukiwa baridi, viputo vya hewa vikabaki, nikapoteza vipimo vya siku nzima.

Sasa futa nyuso zote mbili kwa karatasi ya kuchujia. Tafadhalini, msiruke hapa! Utelezi ukibaki nje utabadilika ghafla kwenye 35 kama tone huru, nawe utadhani vitundu ndivyo vilivyobadilika.

Hatua ya 3. Weka utando kati ya polaroidi zile zile, kisha uuinamishe. Ukiutazama wima utaona giza tu, kwa kuwa molekuli zimelala kufuata vitundu.

Hatua ya 4. Panda nusu nyuzi kwa nusu nyuzi, ukisubiri joto litulie, na upime mwanga. Hapa hakuna mruko: mwanga wafifia taratibu, na masalio yake yaendelea hata kupita 35.

Molekuli moja ina urefu wa karibu nanomita 2, basi upana wa kitundu watoshea tano tu zikiwekwa ncha kwa ncha. Umati wa feri ya Likoni waweza kutawanyika kila upande. Kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, ukuta ndio uamuao waelekeako watu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, vitundu hushusha joto la mabadiliko siku zote?
La, dada. Ukuta unaozipanga molekuli vizuri waweza kulipandisha. Vitundu vilivyopinda huvuruga mpangilio na kulishusha.

Shikamoo Mwalimu. Naweza kutumia jiwe la matumbawe badala ya utando?
Marahaba, mwanangu. Matundu yake ni makubwa mno, mengine wayaona kwa macho. Humo 5CB nyingi iko mbali na ukuta, nayo itageuka ghafla kama tone la hatua ya 1.