Somo: Kuirudisha gesti kazini baada ya wageni kukatika

Naandika mara moja ili nisijibu tena swali lilelile kwenye simu. Tangu maandamano ya Juni 2024 wenye gesti wananiuliza wafanyeje wageni warudi. Yangu iko hapa Kisumu, vyumba 12. Kafyu ya 2020 ilinifungisha, nikafungua upya.

1. Fungua mifereji na shawa zote, maji yaliyolala yatoke. Yakikaa wiki kadhaa kwenye mabomba huzaa bakteria wanaoshambulia mapafu, kwa hiyo acha madirisha wazi na usisimame kwenye mvuke. Osha tangi.

2. Wapigie wanaokudai kabla hawajakupigia: dobi, muuza maziwa, mwenye mkaa. Taja tarehe na kiasi.

3. Angalia ramani ya Google. Ikionyesha umefunga, mgeni anakupita.

4. Bei. Hapa ndipo nilipoanguka, someni polepole. Chumba kilikuwa 1,800 pamoja na chai ya asubuhi. Nilipofungua nikakishusha hadi 900, na vyumba vikajaa. Mwisho wa mwezi sikuwa na pesa ya bili ya maji. Nilikaa na daftari usiku nikapiga hesabu: kila mgeni hunigharimu 600, yaani kufua mashuka, sabuni, maji, umeme, mayai na mandazi. Kwa 1,800 nabaki na 1,200. Kwa 900 nabaki na 300. Gesti nzima ikijaa kwa 900 huniachia 3,600, sawa na vyumba vitatu tu kwa bei ya zamani! Mashuka yanachakaa, wafanyakazi wanachoka, na faida hakuna. Nilipojaribu kupandisha, wageni walewale wakaona nawaibia, wakahama.

Usikate bei ya ubaoni. Ongeza kitu: chakula cha jioni, au usiku wa tatu kwa nusu. Na usiguse chochote kabla hujajua 600 yako ni ngapi.

5. Anza na wenye sababu ya kusafiri. Mtalii huahirisha. Muuzaji wa dawa, dereva wa kwenda Busia na familia yenye msiba hawaahirishi.

MASWALI

Swali: Sasa nipunguze bei kwa asilimia ngapi?
Jibu: Rudi hatua ya 4.

Swali: Hesabu ni zako, mtaa wangu ni tofauti. Nipe tu asilimia.
Jibu: Ndiyo sababu siwezi kukupa. Niletee gharama ya mgeni mmoja kwako, tutapiga hesabu pamoja.

Swali (Kakamega): Shikamoo mama. Wageni wa msiba wanakuja wengi Ijumaa, halafu malipo yanasumbua. Wewe unawapokeaje?
Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Zungumza na mtu mmoja tu wa kamati ya mazishi, akutumie nusu kwa M-Pesa, na umwandikie mapema masharti ya kurudishiwa. Chai iwe tayari saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu wanawahi mochari. Weka pasi na meza ya kupigia nguo kwenye korido. Godoro la ziada la bibi mzee usilitoze. Familia ile ina harusi na misiba mingine, na hukumbuka aliyewastiri.

Swali: Naweza kutuma matangazo kwa namba zote za kitabu cha wageni?
Jibu: Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mwenye namba. Mimi humwuliza mgeni anapoondoka, nikaandika jibu lake pembeni ya jina.

Swali (Homa Bay): Nje ya mada kidogo: wale wadudu wa ziwani wanajaa ukutani usiku, wageni wanalalamika.
Jibu: Toa balbu nyeupe za nje, weka za manjano. Zima za veranda mapema, uache moja mbali na mlango, karibu na lango. Asubuhi fagia kukiwa kukavu. Ukimwaga maji wanaganda kwenye rangi.