Malenge yanaanguka yakiwa madogo? Soma hii kabla uongeze samadi

Juzi nilikuwa kwa shemeji yangu huku Nyalenda, Kisumu, ananionyesha malenge yanaanguka yakiwa saizi ya limau, na ameshamwaga samadi mpaka imeisha. Nikacheka, maana mimi nilipoteza msimu mzima vilevile.

Hatua ya 1: tuta
Huu udongo wetu mweusi wa kung'ang'ania viatu usiupande tambarare. Mvua ya Aprili maji yanasimama mizizi inaoza, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia. Inua tuta futi moja na nusu, changanya karai tatu za samadi iliyokaa, si mbichi, na liwe mahali ukuta hauzibi jua. Mambo ya kupanda kwa gunia mimi sitaki, malenge linakunywa maji kama ng'ombe na gunia saa nane mchana limeshakauka.

Hatua ya 2: mbegu
Tatu kwa tuta, baadaye bakisha moja yenye nguvu. Mimi hutoa kwa malenge tamu nililonunua soko la Kibuye. Kumwagilia na kupalilia unajua.

Hatua ya 3: maua, na hapa ndio shida yote
Maua ya kwanza huwa madume matupu, wiki moja hata mbili, yanafunguka yanaanguka, usilie. Jike utalijua kwa kilenge kidogo kilicho chini ya ua, dume lina kikonyo chembamba basi. Sasa, nyuma ya nyumba ukuta pande tatu, jirani anapuliza dawa ya mbu kila jioni, nyuki atatoka wapi? Bila nyuki wa kubeba unga wa dume kuupeleka kwa jike, kile kilenge kinageuka njano kinaanguka, hata umwage samadi ya boma zima. Kwa hivyo nyuki ni wewe.

Ua linafunguka alfajiri na kufikia saa nne limejikunja, na halifunguki tena kesho. Mimi nilikuwa nakunywa chai kwanza, natoka saa nne unusu, eti nashangaa mbona yamelala! Toka saa moja. Chuma dume lililofunguka leo, ng'oa zile sehemu za njano za nje ibaki kijiti cha katikati chenye unga, pakaza huo unga katikati ya jike, pande zote, ukipata madume mawili ni vizuri zaidi. Wengine wanatumia brashi, mimi naona unga wote unabaki kwa brashi. Kukiwa na dalili ya mvua usiku, jioni yake tafuta maua yatakayofunguka kesho, ambayo ncha imeanza njano, dume na jike, uyafunge mdomo na uzi, kwa sababu unga ukilowa ni kazi bure. Huna dume siku hiyo? Omba la malenge la jirani, la tango halisaidii.

Hatua ya 4: majani
Susa, yaani majani ya malenge, au seveve ukiwa Mluhya, usiyachume kwa mmea unaozaa. Panda tuta lingine la mboga.

Hatua ya 5: kuvuna
Malenge lilaze juu ya ubao lisiguse tope. Ngoja kama siku 45 hadi 50 tangu upakaze, kikonyo kikauke kama kuni na kucha isiingie kwa ganda. Kata na kisu, acha kikonyo urefu wa kidole, na usilibebe kwa hicho kikonyo kama ndoo, kikichomoka linaanzia kuoza hapo hapo.